Faji wangu ni mpya kweli?

SWALI: Nimetenga faji (kirusi kinachoshambulia bakteria) anayeua E. coli kutoka maji taka ya hapa Kisumu. Maabara iliyosoma jenomu imenirudishia vipande viwili: kimoja cha besi 168,700 hivi, kingine cha 5,386. Kwenye GenBank, hifadhi ya umma ya mifuatano ya DNA, kile kirefu kinafanana na faji wa jamii ya T4 kwa asilimia 97. Nina faji wawili? Ni wapya? Nisajili wapi?

JIBU: Unaye mmoja tu. Kipande cha besi 5,386 kiweke kando: urefu huo ni wa phiX174, faji ambaye mashine za Illumina za kusoma DNA hutiliwa makusudi kupima usahihi wa usomaji. Kihakikishe kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, kisha kitupe. Mwaka 2015 mabaki yake yalikutwa kwenye jenomu zaidi ya 1,000 za vijidudu zilizokwisha kusajiliwa, kwa hiyo huna haja ya kuona haya.

Asilimia 97 nayo isikubabaishe. BLAST huhesabu ufanano wa sehemu zilizolingana tu. Zile zisizolingana haizigusi. Angalia na safu inayoonyesha ni kiasi gani cha jenomu yako kilichofunikwa. Kikiwa asilimia 94, basi 0.97 × 0.94 ni takriban 0.91. ICTV, kamati ya kimataifa ya uainishaji wa virusi, huwaweka spishi moja faji wanaofanana kwa asilimia 95 au zaidi kwenye jenomu nzima, na jenasi moja wakifika 70. Hapo ungekuwa na spishi mpya ndani ya jenasi ya zamani. Hesabu ya kuandika kwenye makala ifanye kwa VIRIDIC, programu inayolinganisha jenomu nzima za virusi, ukitumia mkusanyo wa INPHARED, ambao umechota jenomu za faji kutoka GenBank na kuzichuja.

Kabla ya kuchora mchoro wa kulinganisha, zungusha jenomu ianzie kwenye jeni ileile inayoanzia T4. Programu ya kuunganisha vipande vilivyosomwa huikata popote, na T4 kwenye GenBank huanzia kwenye jeni rIIA. Ukiacha hivyo, jeni zitaonekana zimehama wakati hazijahama.

Sajili GenBank, rekodi itafika yenyewe kwenye hifadhi wenza, ENA ya Ulaya na DDBJ ya Japani. PhagesDB, hifadhi ya faji ya Pittsburgh, Marekani, ni nzuri sana, ila ni ya faji wa aktinobakteria, kundi ambalo E. coli haimo. Jaza aina kamili ya E. coli uliyotumia, chanzo, nchi na tarehe ya kuchota maji: wengi huandika "E. coli" tu, na rekodi hiyo haimsaidii anayetafuta faji wa bakteria wake. Kama makala bado haijatoka, chagua tarehe ya baadaye ya kuifungua rekodi kwa umma.