Kumwongoza farasi kwa miguu: barabarani hamia kulia kwake

Msomaji wa Bagamoyo ameniandikia kwamba farasi anayemtunza hutembea vizuri uani, ila wakielekea ufukweni, kila bodaboda ikipita farasi humrukia yeye. Maelezo yake yanatosha kuonyesha tatizo: hukaa kushoto kwa farasi muda wote, kama alivyofundishwa.

Uani hakuna ubaya. Barabarani kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo ukimpitisha pembeni nawe uko kushoto kwake, yeye ndiye anayepakana na magari na wewe umebanwa kati yake na mtaro. Farasi akishtuka hukimbia upande wa pili wa kilichomshtua. Honi ikilia kulia, mnyama wa kilo 400 anakujia kifuani. Hamia kulia kwake, ndugu yangu. Akiruka, aangukie majani, si wewe. Ufukweni ni vilevile: nyavu zilizoanikwa, turubai linalopigwa na upepo, watu wanaosukuma ngalawa. Simama kati yake na kinachomtisha.

Usianzie zoezi hili barabarani. Farasi aliyezoea kuongozwa kushoto huchanganyikiwa ukihamia kulia, hutembea upandeupande au husimama. Mfundishe uani, dakika chache kila siku, mpaka pande zote ziwe sawa kwake.

Sasa kamba, kwani hapa ndipo watu wanapoumia vibaya. Iwe ya pamba, urefu wa mita 3 hivi, unene wa kidole gumba. Ya nailoni ikichomoka kwa kasi huunguza kiganja. Mkono wa karibu na farasi ushike sentimita 20 hadi 30 chini ya kidevu, pakiwa na ulegevu kidogo. Kamba iliyobaki ikunje mbele na nyuma, uishike katikati ya mikunjo kwa mkono wa pili. Usiizungushe mkononi hata mara moja! Farasi akikimbia kitanzi hukaza, na hapo huwezi tena kuiachia: vidole huvunjika, au unaburutwa. Na viatu viwe vya kufunika mguu. Mtu anayeongoza farasi kwa ndala simwelewi kabisa.

Tembea kati ya kichwa na bega. Usitangulie ukamvuta, maana atavuta kurudi nyuma na nguvu zake huziwezi. Akigoma, msukume kichwa pembeni hatua moja ili miguu iachie, kisha endelea. Kugeuka pia msukume kichwa mbali nawe. Ukimvutia kwako, kwato zinakuja juu ya miguu yako. Akisimama kwa miguu ya nyuma, achia kamba itoke na usogee ubavuni, usining'inie. Ndiyo sababu ya zile mita 3.

Ufukweni nenda maji yakiwa yamekupwa, upite kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Ule mkavu unaodidimia huchosha kano za miguu. Njia za mkato za vichakani kuelekea Saadani ziache, kuna ndorobo (mbung'o), na farasi hawaihimili nagana, ugonjwa wanaoueneza.

Mkirudi, usimvue hatamu akiwa ameelekea ndani ya ua. Ingia naye, mgeuze kichwa kielekee lango, funga lango, ndipo umvue na urudi nyuma hatua mbili. Wengi hugeuka kwa kasi na kurusha teke la furaha.