Napoleon: mfalme au kaizari?

Swali: Nahariri tafsiri ya kitabu cha historia ya Napoleon Bonaparte. Mtafsiri ameandika "Mfalme Napoleon" mwanzo hadi mwisho, na kila majeshi yalipokutana ameandika "vita ya": vita ya Austerlitz, vita ya Waterloo. Je, niache hivyo?

Jibu: Usiache. Anza na "mfalme", maana hapo kilichoharibika ni historia yenyewe. Ufaransa ilifuta ufalme Septemba 1792, na tarehe 21 Januari 1793 Louis XVI akakatwa kichwa. Napoleon alipotaka kiti cha enzi mwaka 1804, kujiita mfalme kungekuwa sawa na kurudisha utawala uleule uliopinduliwa. Akachagua cheo kingine, na kwa Kiswahili cheo hicho ni kaizari. Tena alikuwa kaizari wa Wafaransa, si wa Ufaransa. Cheo kilitaja watu, si nchi, na tafsiri nzuri hailipotezi jambo hilo.

Tazama sentensi kama hii: "Mwaka 1805 Mfalme Napoleon alivikwa taji mjini Milan kuwa mfalme wa Italia." Msomaji lazima asite, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuwa mfalme anafanywa mfalme tena. Weka "Kaizari Napoleon" na sentensi inanyooka. Utaihitaji tofauti hiyo katika sura zinazofuata pia, kwani wafalme walikuwa ndugu zake: Louis huko Uholanzi, Joseph huko Napoli kisha Hispania, Jérôme huko Westphalia. Yeye ndiye aliyewaweka, na cheo chake kilikuwa juu ya vyao.

Zipo kamusi zinazopendekeza "mfalme mkuu". Sikushauri. Kwa sikio la Mswahili "mkuu" hapo ni sifa, kama tunavyosema Aleksander Mkuu, kwa hiyo msomaji atadhani unamsifu Napoleon badala ya kutaja cheo chake. Kuhusu tahajia, "Kaisari" tumeizoea katika Biblia kwa watawala wa Roma, na asili ni moja na "kaizari": jina la Julius Caesar. Mimi huiachia Roma "Kaisari" na kutumia "kaizari" kwa wengine. Ukipenda kutumia moja kwa wote si kosa, mradi usizichanganye katika kitabu kimoja. Wingi ni makaizari, na upatanisho ni wa viumbe: makaizari watatu walikutana.

Cheo kina tarehe yake. Senati ilimtangaza kaizari tarehe 18 Mei 1804. Kabla ya hapo, kuanzia mwisho wa 1799, alikuwa Konsuli wa Kwanza, na aliyeingia Misri mwaka 1798 ni Jenerali Bonaparte. Neno "konsuli" lieleze mara moja linapotokea, kwa sababu leo linamfikirisha msomaji mtumishi wa ubalozi, ilhali huyu alikuwa mtawala wa nchi.

Sura ya kutawazwa isome kwa makini ya pekee. Tarehe 2 Desemba 1804, ndani ya kanisa la Notre-Dame, Papa Pius VII alikuwapo, lakini Napoleon alilichukua taji akajivika mwenyewe, kisha akamvika mkewe Josephine. Kwa hiyo "alivikwa taji na Papa" ni kosa. Ni "mbele ya Papa". Wala usikimbilie "alijitawaza". Kitenzi hicho kina maana nyingine inayojulikana kila nyumba, ya kujisafisha kwa maji baada ya kwenda haja, na ndiyo itakayomjia msomaji kwanza. "Alijivika taji" inatosha, tena inaonyesha tendo lenyewe.

Sasa "vita". Kwa sarufi sanifu nomino hii iko katika ngeli ya ki-/vi-, nayo haina umbo la pekee la umoja: vita vya Napoleon, vita hivyo vilianza. "Vita Kuu ya Pili ya Dunia" imekwisha kukomaa kama jina, lakini haihalalishi "vita ya" kwingineko kitabuni. Kasoro kubwa zaidi ni kuita Waterloo vita. Waterloo ni mapigano ya siku moja, 18 Juni 1815, ndani ya vita vilivyoanza Napoleon aliporudi kutoka Elba, kisiwa alikopelekwa uhamishoni. Andika "mapigano ya Waterloo", au "pigano la Waterloo" ukitaka umoja. Vivyo hivyo Austerlitz, 2 Desemba 1805, ambako Napoleon aliwashinda Alexander I wa Urusi na Francis wa Austria, ndiyo maana yakaitwa Mapigano ya Makaizari Watatu. Mtafsiri wako angeandika "vita ya wafalme watatu", na neno lingekosewa mara tatu. Kwa kuwa "vita" haibadiliki kati ya umoja na wingi, pale mwandishi anapokusudia vita vyote vya 1803 hadi 1815, sema "mfululizo wa vita".

Chunguza pia "kampeni". "Kampeni ya Napoleon nchini Urusi" inasikika kama anaomba kura au kuhimiza chanjo. Jeshi lilivuka mto Niemen Juni 1812 kwenda kuvamia, basi andika "uvamizi wa Urusi".

Na "himaya" isitumike kila mahali kwa maana ya dola. Asili yake ni ulinzi, na katika historia hii ina kazi yake maalumu: Shirikisho la Rhine, yaani muungano wa nchi za Kijerumani ulioundwa 1806, lilikuwa na Napoleon kama mlinzi wake. Nchi zile zilikuwa chini ya himaya yake. Ufaransa ilikuwa dola lake.

Unaporekebisha, usiiambie kompyuta ibadilishe "mfalme" kuwa "kaizari" kwa mkupuo mmoja. Louis XVI atageuka kaizari, na Joseph, na George III wa Uingereza. Tafuta neno mojamoja, usome sentensi nzima, na kila "ufalme" na "kifalme" uliangalie vilevile.