Programu imegoma kuingia? Kabla hujapiga Windows upya angalia biti kwanza

Habari zenu wadogo zangu, hasa nyie mnaoanza IT maofisini na wale wa ufundi wa kompyuta mtaani. Kuna tabia naiona sana, programu ikigoma kuingia kwenye mashine jibu la kwanza ni "hii tunaipiga Windows upya tu". Mteja anakaa nusu siku kwenye benchi, Windows inaingia safi kabisa, unarudisha ile programu inagoma vilevile na meseji ileile. Inagoma kwa sababu Windows haikuwa na shida yoyote, ila unalazimisha kitu cha biti 32 kikae na cha biti 64 (biti hapa ni upana wa namba na anwani za kumbukumbu ambazo prosesa inashughulikia kwa mkupuo mmoja), au unampa prosesa ya ARM, aina nyingine kabisa kama zile za simu, kazi iliyoandikwa kwa ajili ya Intel.

Tuanze na majina kwanza maana yanapoteza watu wengi. x86, i386 na i686 hizo zote ni biti 32, jina la i386 linatoka kwenye chipu ya Intel 80386 ya mwaka 1985. x64, x86-64 na amd64 ni kitu kimoja, biti 64, na inaitwa amd64 kwa sababu AMD ndio walioitoa kwanza, 2003, Intel wakafuata. Kwahiyo ukikuta mashine ina stika ya Intel na faili limeandikwa amd64 usiliache ukidhani ni la watu wa AMD, ni lako hilo. arm64 na aarch64 nazo ni kitu kimoja, hizo ni za simu, Raspberry Pi, Mac za M1 kwenda juu na laptop mpya za Snapdragon.

Sasa kanuni yenyewe, hii ukiielewa umemaliza robo tatu ya kazi. Prosesa ya biti 64 inakubali Windows ya biti 32. Windows ya biti 64 inakubali programu za biti 32. Yaani mkubwa anambeba mdogo, ila mdogo hawezi kumbeba mkubwa. Lakini kuna sehemu mbili ambapo hata mkubwa hambebi mdogo: draiva lazima ilingane na Windows, na chochote kinachoingia NDANI ya programu (DLL yaani faili la kodi ambalo programu inaliazima, plagini, kiunganishi cha databesi) lazima kilingane na programu yenyewe, sio na Windows. Hapa kwenye "ndani ya programu" ndipo mafundi wengi wanapolala, mtu anakwambia mashine yangu ni 64 basi naweka kila kitu 64, halafu anashangaa.

Kuangalia mashine ni rahisi, Settings, System, About, soma mstari wa System type. Wakati mwingine utakuta imeandikwa "32-bit operating system, x64-based processor", maana yake prosesa ni kubwa lakini aliyeipiga Windows aliweka ndogo. Mara nyingi hizo ndio mashine mteja anakwambia nimeongeza RAM mpaka GB 8 lakini mashine inatumia 3 na kitu tu, ni kweli, Windows ya biti 32 anwani zake zinaishia GB 4. Hapo ndio kupiga upya kunaruhusiwa na hakuna njia nyingine, Windows ya 32 haipandishwi kuwa ya 64 juu kwa juu, hamisha mafaili ya mteja kwanza ndio ufute. Na ukitaka Windows 11 ujue haina toleo la 32 kabisa.

Nielezee kesi moja kwa kirefu maana ndio inajirudia kuliko zote. Duka la jumla, wana programu ya stoo waliyoandikiwa miaka hiyo, inatunza data kwenye faili la Access (databesi ya Microsoft), lile la .mdb. Wamenunua mashine mpya, Windows 11, Office ya biti 64. Programu ya stoo inafunguka vizuri tu, ila ukibonyeza ripoti inakutupia "The specified DSN contains an architecture mismatch between the Driver and Application". Nyingine zinasema "Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 provider is not registered on the local machine", ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu ukiangalia unaona kabisa Access imo kwenye mashine, unasema mbona ipo? Ipo ndio, lakini ni ya 64, na programu ya stoo ni ya 32, ile inatafuta ya saizi yake haioni kitu.

Cha kufanya: iache programu iwe wazi, fungua Task Manager, nenda Details, bonyeza kulia pale juu kwenye majina ya safu, Select columns, weka tiki Architecture (kwenye Windows 10 imeandikwa Platform). Utaona programu yako ni ya 32 (x86) au ya 64 (x64), bila kubahatisha. Kisha nenda kwenye ODBC, sehemu ya Windows inayounganisha programu na databesi. Hapa Microsoft wametutendea visivyo, kuna ODBC mbili kwenye mashine moja na faili zote mbili zinaitwa odbcad32.exe. Ya biti 64 iko kwenye folda la System32, na ya biti 32 iko kwenye folda la SysWOW64. Ndio, umesoma sawa, 32 ina 64 na 64 ina 32, walibakiza jina la System32 ili programu za zamani zisivunjike. Sasa fundi anafungua ODBC ya kwanza anayoikuta, anatengeneza DSN (jina la muunganisho wa databesi) vizuri, anaitest inakubali, programu ya stoo bado haioni, anaanza kulaumu programu. Ifungue ile ya SysWOW64, tengeneza DSN humo, draiva ya zamani ya .mdb utaikuta humo tayari imekuja na Windows.

Kama programu inahitaji ACE (injini mpya zaidi ya Microsoft ya kusoma faili za Access) na sio ile draiva ya zamani, utashusha Access Database Engine ya 32 halafu installer ikukatalie, itakwambia tayari una Office ya 64. Watu wanazunguka hapo siku nzima wanatafuta viraka (patch) mtandaoni. Mimi ushauri wangu ni mmoja, kama biashara inategemea hiyo programu, toa Office ya 64 weka Office ya 32, tena kwa leseni hiyohiyo, unachagua tu toleo wakati wa kushusha. Mwenye duka hana faili la Excel la kuhitaji biti 64, muulize utaona. Ila usifanye hivyo kimyakimya, mwambie, maana mhasibu wake anaweza kuwa na kiongezi cha Excel ambacho nacho ni cha 64.

Namba nyingine ya kuikariri ni 0xc000007b, "The application was unable to start correctly". Mara nyingi hiyo ni programu ya 64 imeokota DLL ya 32 au kinyume chake. Tafadhali sana, msiende zile tovuti za kushusha DLL mojamoja mkazitupa System32, kwanza hujui ndani kuna nini, pili ndio mnazidisha mchanganyiko uleule. Weka Visual C++ Redistributable (kifurushi cha DLL ambazo programu nyingi zinazitegemea) zote mbili, x86 na x64, kutoka Microsoft wenyewe. Ndio, zote mbili hata kama Windows ni ya 64, kwa sababu programu za 32 zinatafuta ya kwao.

Printa za zamani sitasema mengi. Kama mtengenezaji alitoa draiva ya 32 tu akaishia hapo, kwenye Windows ya 64 haiingii, jaribu draiva ya jumla ya kampuni hiyohiyo ikishindikana mwambie mteja ukweli mapema.

Wa Linux nao wana yao. "Exec format error" iko wazi, hilo faili si la prosesa yako. Inayochanganya ni ile unaandika jina la programu, inajibu "No such file or directory", unapiga ls faili lipo linakuangalia. Kinachokosekana sio faili lako, ni kile kinacholiwasha, /lib/ld-linux.so.2, na hiyo ni ya biti 32. Piga komandi ya file kwenye hilo faili itakuambia ni ELF 32-bit (ELF ni muundo wa faili za programu za Linux). Kwenye Ubuntu au Debian: sudo dpkg --add-architecture i386, halafu sudo apt update, halafu sudo apt install libc6:i386, na maktaba nyingine programu itakazodai, zote ukizimalizia na :i386. Na kwenye Raspberry Pi usiiamini uname -m peke yake, inaweza kusema aarch64 kwa sababu keneli (kiini cha sistimu) ni ya 64 huku sistimu nyingine yote ni ya 32, piga dpkg --print-architecture, ikisema armhf (ARM ya biti 32) basi shusha za armhf.

Wanaoandika kodi na Mac za M1 mkijenga imeji ya Docker kisha mkaipeleka kwenye seva ya kawaida ikafa na exec format error, mmejenga ya arm64 na seva ni amd64, ongezeni --platform linux/amd64 wakati wa kujenga. Wa Python, pip ikikataa faili la .whl (kifurushi cha maktaba ya Python) angalia mwisho wa jina lake, win32 au win_amd64, halafu angalia Python yako yenyewe ni ipi maana unaweza kuwa na Python ya 32 juu ya Windows ya 64, na TensorFlow kwa mfano haina ya 32 kabisa.

Kwenye simu ni hadithi hiyohiyo, APK imetumwa kwa WhatsApp, "App not installed", kumbe ni ya arm64-v8a na simu ina Android ya biti 32 inataka armeabi-v7a. Simu nyingi za bei ya chini prosesa ni ya 64 lakini Android iliyowekwa ni ya 32, kwahiyo kusoma sifa za prosesa kwenye boksi hakukusaidii, shusha kutoka Play Store ikuchagulie yenyewe.

Na sasa hivi zinaanza kuingia hizi laptop za Windows zenye Snapdragon. Programu za kawaida nyingi zitafunguka, Windows 11 inazitafsiria, lakini draiva haitafsiriwi. Mteja akija kukuuliza kabla hajanunua, usianze na RAM wala SSD, muulize ana printa gani, ana mashine ya risiti gani, ana dongle ya leseni ya programu ya uhasibu (kile kifaa kidogo cha kuchomeka ili programu ikubali kufunguka) au hana, halafu mkatafute pamoja kama watengenezaji wake wametoa draiva ya ARM64.