Kusali Saa za Wamonaki Huku Ukianika Dagaa

Nilipoanza kutafuta maisha ya sala yenye utulivu, nilifanya kosa ambalo sasa naliona kwa wengi wanaoniuliza habari hizi: nilinakili ratiba ya monasteri nzima, nikaja kuibandika ukutani nyumbani kwangu Kigoma. Nilikuwa nimekaa siku tano kwenye nyumba ya wageni ya Wabenedikto, wamonaki wa Kikatoliki, mkoani Rukwa, na kila kitu kule kilinivutia, tangu kengele ya alfajiri hadi ukimya unaofuata sala ya mwisho ya usiku, ambao Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha mwongozo wa maisha yao, katika sura ya 42, hairuhusu uvunjwe ila kwa haja ya wageni au kwa amri ya abate, mkuu wa monasteri. Nilidhani kwamba kilichoninyima amani miaka yote ni kukosa ratiba ya namna ile. Ilidumu siku tisa.

Mimi huanika na kuuza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi hutoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri, na kwa kuwa huku kwetu magharibi jua huchomoza karibu na saa moja, ikifika saa kumi na mbili bado kuna giza nami nimesimama kwenye maji hadi magotini, nagombea beseni. Masifu ya Asubuhi, sala ya wamonaki ya kuanza siku, niliyoyapanga saa kumi na mbili kamili hayakuwa na mahali pa kukaa. Nikajaribu kuamka saa tisa usiku, nikawa nasinzia juu ya zaburi, kisha mchana nawafokea watoto kwa makosa madogo. Utawa wangu wa siku tisa ulilipiwa na watu wa nyumbani kwangu, jambo ambalo bado linanipa aibu.

Aliyenifungua macho hakuwa mmonaki wala padre, bali bibi mmoja Mwislamu wa Ujiji ambaye vichanja vyake vya kuanikia dagaa vinapakana na vyangu. Kila adhuhuri nilimwona akinawa, akitandika mkeka, akiswali, kisha akirudi kugeuza dagaa wake bila kumtangazia mtu. Siku nilipomlalamikia kwamba sipati nafasi ya kusali, alinijibu, “Mwanangu, swala haingoji nafasi, swala ina wakati wake.” Niliporudi kuisoma Kanuni nilikuta sura ya 43 inasema jambo lile lile: mmonaki akisikia ishara ya sala, aache mara moja alichoshika mkononi. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ishara haina lazima iwe kengele. Kazi ya kila mtu ina ishara zake, na ushauri wangu mkubwa kwa mwenye kutamani maisha haya ni kuzitafuta hizo kwanza, kabla ya kununua kitabu cha sala.

Kwangu ishara ya kwanza ni mlio wa injini za mitumbwi inayorudi. Hapo sina dakika kumi, nina pumzi mbili tu, basi nasema mstari wa Zaburi ya 70: “Ee Mungu, uniokoe, ee Bwana, unisaidie hima.” Yohane Kasiano, mmonaki wa karne ya 5, aliandika kwamba wazee wa jangwa la Misri waliushika mstari huo kwa kila hali, katika njaa, katika usingizi na katika majaribu, nami naweza kuongeza: hata katika kupatana bei. Ishara ya pili ni kumaliza kutandaza. Nakaa kwenye ndoo niliyoigeuza na kusali zaburi moja. Saa sita, wakati wa kuwageuza, ni sala ya Malaika wa Bwana. Jioni nikishafunga magunia ni zaburi nyingine moja. Benedikto aliwataka wamonaki wake wamalize zaburi zote 150 kwa wiki. Kwa mwendo wangu, nikiigawa ile ndefu ya 119 vipande vipande, nazimaliza kwa karibu miezi mitatu. Mwanzoni niliona haya kuwa nyuma kiasi hicho. Lakini sura ya 20 ya Kanuni inataka sala iwe fupi na safi, isipokuwa neema ya Mungu ikiirefusha, na sijaona mahali ilipoagiza mwuza dagaa ashindane na watu wenye kwaya.

Sehemu iliyoniuma zaidi haikuhusu sala. Sura ya 31 inamwagiza mtunza ghala wa monasteri avione vyombo vyote na mali yote kama vyombo vitakatifu vya altare. Nilipoisoma nilikumbuka mchanga. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, mchanga una uzito, na kwa miaka mingi sikuwa na haraka ya kuupepeta, kwa sababu mnunuzi kutoka mbali huugundua akiwa ameshafika kwake. Huwezi kusema “unisaidie hima” alfajiri na jioni ukauza mchanga. Niliingia gharama ya vichanja vya waya, nikaanza kupepeta hata wale wachache wanaobaki chini. Sura ya 57 inaagiza pia kwamba kazi za mikono ya wamonaki ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa ulimwengu. Hiyo, nakiri, sijaiweza, maana marejesho ya mkopo wa kikoba hayana monasteri nyuma yake.

Kuhusu ukimya sina mengi. Mwaloni haupatikani, kwa hiyo nilianza na mdomo wangu na simu yangu: simu inalala sebuleni kuanzia saa tatu usiku.

Jaribu kubwa lilikuja uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana. Nilitazamia miezi mitatu ya mafungo, na wiki za mwanzo nikasali kidogo kuliko nilivyowahi kusali msimu wa kazi. Injini hazilii, vichanja vitupu, na wasiwasi wa ada za watoto ulijaza muda wote uliobaki. Benedikto anafungua sura ya 48 kwa kuuita uvivu adui wa roho, ila mimi sikuwa mvivu, nilikuwa nimenyang’anywa ishara. Ilinibidi niziweke upya kwenye vitu vidogo: kuwasha jiko, kuchota maji, kumwagilia mchicha nilioupanda ili tupate mboga.

Siku hizi, usiku wa mbalamwezi ambapo wavuvi hawatoki kwa sababu taa hazivuti dagaa, ndipo nasoma Maandiko polepole. Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12, alikufananisha kusoma huko na ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli, yaani kutulia kimya mbele ya Mungu. Mara nyingi nalala kwenye kipago cha pili. Mwezi huu nimo katika Zaburi ya 119, yenye aya 176 zilizopangwa nane nane, na jana nilikomea kwenye aya ya 64 kwa sababu mvua ilinyesha ghafla na nilikuwa nimeacha dagaa nje.