Helsinki kwa meli mwezi wa kwanza

Mkuu, umeuliza kama ukiwa Stockholm Januari inafaa kuvuka kwa meli hadi Helsinki, au baridi itakumaliza. Nenda tu. Panda meli ya usiku: inang'oa nanga jioni, asubuhi uko Helsinki, na hela ya hoteli umeshaiokoa. Viza yako ya Schengen inatosha Sweden na Finland, ila pasi iwe mfukoni. Usisahau kusogeza saa mbele kwa saa moja. Usiku meli husimama kidogo visiwa vya Åland, ambavyo ni vya Finland lakini viko nje ya mfumo wa kodi wa Umoja wa Ulaya, na ndiyo sababu duka la melini linauza bila kodi. Utaona watu wanavyobeba makreti ya bia!

Kinachosumbua zaidi ni mwanga. Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza kama saa tatu na nusu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Kwa hiyo anza na mambo ya nje. Pale soko la Kauppatori chukua kivuko cha Suomenlinna, ngome ya visiwani, dakika 15 hivi, kwa tiketi ile ile ya tramu. Bahari ikiwa imeganda, utasikia barafu ikikwaruza ubavu wa chombo. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1748, na upepo wake hauna adabu, kwa hiyo viatu viwe na soli yenye meno.

Giza likiingia, kajipashe moto maktaba ya Oodi, kuingia bure. Tallinn, mji mkuu wa Estonia ng'ambo ya bahari, iache, siku moja haitoshi.