Dawati la Sheria: Ndugu yuko rumande, wakili atatoka wapi?

SWALI: Kaka yangu ameshtakiwa wizi wa kimabavu katika Mahakama ya Makadara. Yuko rumande Industrial Area kwa kuwa bondi ya nusu milioni imetushinda. Kuna mtu hapo kortini anayesema tukimpa 20,000 atatupatia wakili wa serikali. Mashahidi wataanza mwezi ujao. Tumpe?
Dada Mtu, Kayole

JIBU: Dada, usimpe hata ndururu. Wakili anayelipiwa na serikali hauzwi, na wala hagawiwi na watu wanaoshinda kwenye veranda za korti.

Kinachowachanganya wengi ni kesi za mauaji. Hizo husikizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na wakili huteuliwa mmoja na mahakama. Wizi wa kimabavu, ingawa sheria inauwekea adhabu ya kifo, huanzia kwa hakimu, na huko wakili ni wa kuombwa. Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba ya Kenya kinaruhusu mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali iwapo kumkosa kutazaa dhuluma kubwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu (Supreme Court) ilieleza kwamba haki hiyo haimwangukii kila mshtakiwa: hupimwa uzito wa shtaka, ugumu wa kesi na uwezo wa mtu kujitetea.

Kwa hiyo barua inayosema tu "sisi ni maskini" haina nguvu. Andikeni kaka alisoma hadi darasa la ngapi, lugha anayoielewa vizuri, na ushahidi gani unamkabili. Kama kuna gwaride la utambulisho (shahidi kumtambua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari) au rekodi za simu, tajeni, kwa sababu huo ni ushahidi ambao mtu asiye mwanasheria hawezi kuuhoji ipasavyo. Ombi lipelekwe kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Kaka naye anaweza kuomba akiwa ndani. Amwambie afisa wa gereza. Jaribuni pia Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu 1973.

Msiende mikono mitupu. Wakili yeyote, wa bure au wa kulipwa, ataanza kwa kuuliza nambari ya kesi, karatasi ya mashtaka na maelezo ya mashahidi. Upande wa mashtaka una wajibu wa kumpa mshtakiwa ushahidi huo mapema. Mara nyingi karatasi hizo anazo yeye mwenyewe rumande na familia haijui. Muulizeni mkimtembelea. Kama hana, aombe mbele ya hakimu, na nambari ya kesi mtaipata kwenye sajili ya jinai, ofisi ya mahakama inayotunza faili za kesi hizo.

Sasa siku yenyewe. Kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa, kaka asimame aseme hana uwezo wa kuweka wakili, ameshaomba msaada, na anataka hilo lirekodiwe. Hapa ndipo wengi huteleza: mtu amechoshwa na tarehe za kesi kutajwa tu bila kusikizwa, akiulizwa kama yuko tayari anajibu "niko tayari", shahidi anatoa ushahidi na kushuka bila kuulizwa swali la maana. Kumrudisha shahidi baadaye kunawezekana, lakini ni kwa kuomba, na hakimu anaweza kukataa.

Kuhusu bondi, hakimu huyo huyo anaweza kuombwa ailegeze. Akikataa, Mahakama Kuu pale Milimani ina uwezo wa kuipunguza.

SWALI: Wakili tuliyemlipa 40,000 haonekani. Hutuma mwenzake kuomba kesi iahirishwe. Tufanyeje?
Baba Wawili, Kawangware

JIBU: Wakili kushikiwa nafasi na mwenzake si kosa, kila mara ndiyo tatizo. Angalieni kwanza mlilipia nini. Wapo wanaolipwa kwa ombi la bondi peke yake, na familia ikadhani ni kesi nzima. Bila makubaliano ya maandishi na risiti, ubishi huo hauishi. Tafuteni pia jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili (LSK). Leseni ya wakili huisha kila tarehe 31 Desemba, na asiye na ya mwaka huu haruhusiwi kuwawakilisha.

Mkiamua kumbadilisha, mwandikieni barua mkitaka faili. Kama mna deni lake anaweza kuizuia mpaka alipwe, kwa hivyo malizeni hesabu kwanza. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili bila malipo. Ambatisheni risiti na tarehe za kesi ambazo hakufika.