Folda ya wanahabari ya gemu la zamani: usibandue picha

Ndugu yangu wa Mikindani, nimekuelewa: kwenye sanduku la marehemu mjomba umekuta folda waliyopewa wanahabari kutangaza gemu la PlayStation, na picha zimegandana. Tafadhali usizibandue! Unyevu wa pwani yetu hulainisha utando wa picha. Mimi nilivuta moja hapa Lindi, sura yote ikabaki kwenye picha ya chini yake. Hadi leo inaniuma. Hizo zilizogandana mpelekee mhifadhi wa makumbusho.

Kwa zile zisizogandana, nawa mikono, ikauke, kisha piga picha kila karatasi kwa mpangilio ulioikuta nao. Slaidi, yaani vipande vya filamu vyenye picha inayopitisha mwanga, shika kwenye fremu tu. Majarida yalichapa picha zake kutoka kwenye slaidi kama hizo. Diski yenye ukungu usiitumbukize kwenye kompyuta. Kumbuka pia, kumiliki folda hakukupi hakimiliki ya picha.